Kamba ya Ndani ya Kisigino

Kwa miaka mingi niliamini, na ningeapa mbele ya kadhi, kwamba ule mshipa mnene ulio nyuma ya kisigino ni kamba, na kwamba kila mkwezi wa minazi huzaliwa na kamba yake iliyokwisha kupimwa. Kila mnazi unaoukwea unakula uzi mmoja, mwembamba kama unywele. Nyuzi zikiisha, basi, utamaliza maisha yako ukiitazama minazi kutoka chini kama mbuzi.

Aliyenipa elimu hiyo ni mzee wa Tiwi aliyenifunza kukwea. Naye hakuwa mtu wa maneno matupu, alikuwa na ushahidi. Siku moja aliinyanyua kamba yangu ya miguuni, ile tunayoifunga kitanzi na kuitia nyayo ili zishike shina, akanionyesha ilivyochakaa.

"Waiona hii, mwanangu? Hii ni ya nje. Unayo nyingine ya ndani. Hii ikikatika utasokota nyingine. Ile utaisokota na nini?"

Jibu lake hata gumbaru haikunipa. Nilisoma shule hiyo ya watu wazima nikiwa na mvi, nikatoka na cheti ambacho mke wangu amekitia fremu kubwa kuliko dirisha letu, lakini jioni ya somo la mwili wa binadamu nilikuwa nimesinzia, tena kwa kukoroma.

Kazi yangu ni kuangua nazi na kukata makuti makavu katika hoteli za Diani, ili mgeni aliyelala ufuoni akijipaka mafuta asije akaangukiwa na kitu kitakachomrudisha kwao kabla ya tarehe yake. Minazi ya pale ni mirefu, usiambiwe. Nikiwa kileleni naiona Tanga, na hewa ikiwa safi naona hata wanavyokoroga chai. Chini mimi ni mtu mfupi tu, ambaye hata paka hampishi njia. Juu ya mnazi mameneja wananiinulia shingo.

Sasa, mwezi wa Ramadhani sikwei. Kiu na urefu havipatani. Mwaka huo nilipumzika mwezi mzima, na Idi ilipopita tu, hoteli zikaniita zote kwa pamoja, kila moja na minazi yake iliyojaa. Nikakwea kama aliyefukuzwa na nyuki. Kabla wiki haijaisha niliamka asubuhi, nikatia mguu chini, nikapiga ukelele uliowaamsha majogoo wa Kikoneni. Nyuma ya kisigino, juu kidogo ya mfupa, palikuwa pamekaza kama waya wa uzio. Nilipochechemea hadi msikitini pakalegea, nikasahau. Nikaenda kazini. Jioni yale maumivu yakarudi, safari hii na jamaa zake. Nilipopapasa nikakuta uvimbe mdogo, kama kokwa ya tende iliyojificha ndani ya mshipa.

Nikajua habari imekwisha. Umebaki uzi mmoja, na huo mmoja niutumie kwa adabu.

Basi nikaanza kuuhifadhi. Niliweka kiti barazani nikahamia hapo. Maji nililetewa, chakula nililetewa, msikitini nilipelekwa kwa bodaboda, na ukipiga chafya nyumbani kwetu, msikitini wanakusikia. Shangazi yangu alikuja kunikanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Ilikuwa raha tupu, na raha yenyewe haikufika magharibi. Kijana wa duka la dawa akanishauri nichomwe sindano papo hapo penye uvimbe. Hilo nililikataa, si kwa busara, ni kwa woga.

"Bwana wee," mke wangu akaniuliza, "hivi wewe ni mgonjwa au ni sultani?"

"Nauhifadhi."

"Wahifadhi nini?"

"Mshipa."

"Basi hifadhi na huo mdomo, maana tangu ukae hapo ndio unaofanya kazi peke yake."

Mguu ulipotulia kabisa nilirudi hotelini kifua mbele. Mnazi wa kwanza, salama. Wa pili, salama. Wa tatu, nikiwa katikati, kisigino kikanikumbusha kwamba tunafahamiana. Nilishuka polepole mno, na askari wa getini, kijana wa bara asiyejua kunyamaza, akapiga makofi.

"Mzee wa minazi! Leo tunasindikiza bibi harusi?"

Msimamizi wa bustani hakucheka. Ni mtu mstaarabu, nami humheshimu. Aliniita pembeni.

"Ami, nazi zinaiva na wageni wanakuja. Sitaki uanguke mikononi mwangu. Nenda hospitali, kisha uniletee jibu moja: wakwea au hukwei. Kama hukwei, nitafute mkwezi mwingine, na tutabaki ndugu."

Ndugu! Nilitaka minazi, si udugu.

Nikaenda hospitali na mke wangu, upande wa Msambweni. Nilipelekwa kwa dada mmoja wa bara anayefunza watu mazoezi ya viungo. Akanipa shikamoo kwa heshima zote, kisha akanilaza kifudifudi na kuanza kunifinya.

"Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

Nikaruka.

"Mzee wangu, usiruke bado, sijamaliza."

Akanibinya shavu la mguu, na unyayo ukacheza wenyewe. Akasema vizuri, haujakatika. Ungekatika, akaniambia, ningesikia mlio na kuhisi kama nimepigwa teke kwa nyuma, na hapo hakuna kungoja, ni kuja siku hiyo hiyo. Huu wangu umeudhika tu. Halafu akauliza nilibadilisha nini kazini kabla ya kuumwa, nami nikamweleza Ramadhani yangu na Idi yangu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

Dawa aliyonipa ilinishangaza. Nishike ukuta, ninyanyuke kwa vidole vya miguu, kisha nishuke taratibu, taratibu zaidi, mpaka visigino viguse chini. Nirudie. Maumivu kidogo niyavumilie. Yakizidi, au nikiamka kesho yake nimekaza kuliko jana, nipunguze. Nitembee kama kawaida, nivae viatu vyenye kisigino kidogo badala ya kandambili zilizolala, niache kupanda mnazi kwa sasa lakini nisiache kuutumia mguu. Na nisitarajie muujiza wa Ijumaa hii, ni jambo la miezi.

Moyoni nikasema, huyu dada ametumwa animalizie uzi.

Ningedanganya, lakini mke wangu alikuwa amekaa pale pale akisikiliza kila neno, na kwa siri za mume, yule ni redio ya taifa. Kila asubuhi alinisimamisha ukutani kama askari. "Shuka polepole! Polepole, nimesema, waanguka kama gunia!" Mguu ulipozoea, tukaambiwa tuongeze uzito, nikabebeshwa mkoba wa nazi mgongoni. Nikawa mtu wa kwanza pwani nzima kupanda na kushuka na nazi bila mnazi. Majirani walikuja kutazama. Mmoja alileta kiti.

Na miezi ikapita, na kwa kweli asubuhi zikalegea. Ile kokwa ikasinyaa. Nikatembea hadi msikitini na kurudi, nikanyanyuka kwa mguu mmoja nikiwa na nazi zangu, na kisigino kimya kama kimelipwa.

Siku ya mwisho kwa yule dada nilikwenda nimevaa vizuri, kwa kuwa nilikuwa na jambo.

"Daktari, mguu hauumi," nikamwambia. "Ahsante sana. Msimamizi anangoja jibu, na leo nitamwambia amtafute mkwezi mwingine."

"Kwa nini, na umepona?"

"Nimepona, lakini uliobaki ni mdogo." Nikamweleza yote, kamba ya nje na kamba ya ndani, na nyuzi zangu nilizozimaliza, na zile chache nilizotaka kubaki nazo nizitumie kwenda kuswali na kuzikwa.

Hakucheka. Alivuta kiti akakaa mbele yangu.

"Mzee wangu, aliyekufunza alikufunza kukwea vizuri. Hili lingine hakulijua. Kamba ni kitu kilichokufa, ndiyo maana inachakaa. Mshipa huu uko hai. Ukiupa kazi ya kadiri, kisha ukaupa muda, unajitengeneza na unapata nguvu. Uliuma kwa sababu uliupumzisha mwezi mzima, halafu ukaupa kazi yote kwa mkupuo. Ulipoukalisha barazani ukazidi kudhoofu. Haujapungua hata unywele. Kakwee. Anza na mnazi mfupi, mmoja, kesho yake pumzika."