Jino la Nuru Juu ya Paa la Jiko

Katika mtaa wao wa Kasongo, watu humjua Mwamvita kwa mambo mawili: vitumbua vyake vya mchele na ubishi wake. Ukimwambia mvua inakuja, atakuambia inaondoka. Mumewe alifariki mapema, binti yake anafanya biashara Salamabila, naye amebaki na mjukuu, Nuru, mwenye miaka kumi na mmoja. Mwamvita anampenda mtoto huyo kupita kiasi, na hilo hata yeye habishi.

Kila jino la utoto la Nuru lilipong'oka, Mwamvita alilirusha juu ya paa la nyasi la jiko, kama alivyofanyiwa na mama yake, akisema: "Panya, chukua lililochoka, lete jipya." Na jipya lilikuja kila mara. Nani basi angethubutu kumwambia aache?

Asubuhi moja Nuru aliteleza penye bomba la maji, akapiga mdomo kwenye saruji. Jino la mbele la juu likatoka zima, pamoja na mzizi wake. Alirudi nyumbani akichuruzika damu, jino mkononi. Mwamvita akalichukua, akalirusha juu ya jiko na maneno yake yaleyale, kisha akampakia mtoto kwenye pikipiki ya jirani hadi kituo cha afya. Msidhani alizembea. Alifika kule amevaa ndala mbili zisizofanana.

Zéphirin, muuguzi wa meno, alimsafisha Nuru mdomo, akachungulia, akauliza:

"Mama, jino iko wapi?"

"Iko juu ya nyumba."

"Inafanya nini kule juu?"

"Niliitupa. Si ndiyo inaleta ingine?"

Zéphirin akashika kichwa. "Ile ni ya butoto, mama! Hii haina ingine nyuma yake. Lakini ikirudi mbele ya saa moja kupita, naweza kuirudisha mahali pake, na inaweza kushika. Ikikauka, imekufa." Akamimina maziwa ya chai yake ndani ya kikopo chenye kifuniko. "Utie humu. Shika kwa kichwa, usiguse muzizi, usisugue. Dakika makumi mbili zimeisha kupita. Enda!"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Mwamvita hakubisha.

Jiko lile lilikuwa limeezekwa upya mwezi uliotangulia, na wageni walionyeshwa paa lake kabla hata hawajaketi. Sasa mwenye paa alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akaling'oa kwa mikono miwili, fungu kwa fungu, akiyatikisa manyasi juu ya kitenge alichokitandaza chini. Mwenye pikipiki alimsihi ashuke asije akavunjika kiuno. Akaambiwa anyamaze na aangalie kitenge. Vikaanguka masizi, mende, na kijiko kilichopotea juma lililopita. Nusu ya paa ilikuwa chini jino lilipodondoka. Mwamvita akalishika kwa kichwa, akalitia ndani ya maziwa, na pikipiki ikamrudisha kituoni kabla saa haijatimia.

Zéphirin aliliosha kwa maji ya chumvi, akalirudisha penye pengo, akalifunga kwa waya mwembamba kwenye meno ya pembeni. Hakuahidi kitu. "Tungojee, mama," alisema tu.

Wakangojea wiki mbili za vyakula laini. Nuru alikunywa uji asubuhi na jioni, na Mwamvita akanywa naye, ingawa meno yake hayakuwa na kosa. Kila siku alitaka kumwambia mtoto neno fulani, akaishia kumwongezea uji.

Siku ya kutoa waya, Zéphirin alilisukuma jino kwa kidole. Lilikuwa limeshika. "Mumulete tena kila mwezi, tuangalie," alisema, "lakini leo iko muzuri."

Mwamvita akaketi kwenye benchi, akalia mbele ya wagonjwa wote bila haya.

"Niliitupa kwa mapendo," akasema. "Mungu anajua, niliitupa kwa mapendo."

Nuru alimfuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Nami najua, koko," alimwambia bibi yake. "Ndiyo maana jino nilikuletea wewe."