Fundi Saa Anayetangaza Kazi Yake

Tangu bomu lilipolipuka sokoni, naye akazuiliwa siku arubaini kwa ajili ya nyaya na betri zake kisha akaachiwa bila shtaka, fundi saa hafanyi kazi kimyakimya. "Sasa nafungua kifuniko. Sasa natoa betri." Vidole vyake vyembamba huinua kila kipande mwangani, wapita njia wakione. "Fundi, unatangaza mpira?" humtania muuza magazeti wa jirani, ila saa yake mwenyewe huipeleka kwa fundi mwingine.

Leo amekuja afande yuleyule aliyemkamata. Saa yake imesimama.

"Sasa nafungua kifuniko. Sasa nalegeza skrubu," fundi akaanza.

"Basi, fundi. Nakuamini."

Fundi akaweka bisibisi chini. "Liseme hilo pale mlangoni, afande, majirani wasikie."

Afande akachungulia barabarani, akaitia saa mfukoni ikiwa bado wazi, akaondoka.