Picha ya Mwethya Imemwonyesha Ninakoishi

Admin, jina langu lifiche kabisa, na la mtoto usiliguse. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, nina binti mmoja, na ninaishi Katelembo, huku Machakos. Si kwetu. Nilikuja kujificha. Mume wangu alinivunja mkono mtoto akiangalia, na siku niliyotolewa plasta ndiyo siku niliyoondoka. Alikuwa ameapa kwamba nikimwacha atanitafuta mpaka anipate, na yule mtu ahadi zake mbaya huwa anazitimiza.

Huku nilipokelewa na kina mama wa mwethya, yaani majirani wanaolimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Nimepanga chumba kwa mwenyekiti wao, mama mjane, na sijawahi kupendwa na watu hivi. Shida ni moja. Wakimaliza kuchimba mitaro ya fanya juu, ile ya kuzuia udongo usibebwe na mvua, lazima wapige picha na majembe juu, mwenyekiti aiweke Facebook ili vikundi vingine viumwe na wivu. Nilimwomba nisitokee. Akacheka, akaniita binti yake kwa Kikamba: "Simama huko nyuma, mwiitu wakwa, shusha kofia. Nani atakujua na hiyo vumbi yote?"

Nilisimama nyuma, nikashusha kofia. Leso ya kiunoni sikuikumbuka.

Namba yangu mpya anayo dada yangu peke yake. Picha ilisambazwa na watu, sijui ilimfikiaje mume wangu, lakini alimtumia dada picha hiyo akiwa ameikuza ionekane kiuno changu tu. "Hiyo leso nilinunua mimi." Baadaye akaandika tena: "Udongo nyekundu, mitaro ya fanya juu, mkonge kando kando. Hapo ni Ukambani." Nikajipa moyo kwamba Ukambani ni kubwa, azunguke mpaka viatu viishe. Lakini huyu ni dereva wa lori, amebeba mawe ya Lukenya, huku huku karibu na Machakos, miaka mingi. Meseji ya tatu ilinimaliza: "Hiyo kilima iko nyuma naijua. Unaiona ukienda Machakos. Mwambie nakuja tuongee vizuri."

Ndugu zangu, naogopa. Lori ikinguruma barabarani nakimbilia kufunga mlango. Mtoto nimemkataza kucheza nje, ananiuliza amekosa nini.

Leo dada amenipigia akilia. Ametumiwa picha mpya. Mume wangu amesimama kwenye mtaro uleule, pale pale niliposimama mimi, anatabasamu. Nikaikagua kama yeye alivyoikagua yangu. Nyuma yake kuna fensi ya jirani iliyokuwa imeangushwa na ng'ombe. Kwenye picha imesimama, na miti yake ni mipya. Jirani aliitengeneza juzi, Jumamosi jioni. Leo hapo kuna watu tangu asubuhi, kwa hivyo mume wangu alikuja jana, wengi wetu tukiwa kanisani.

Halafu nikaona kivuli chini, karibu na viatu vyake. Ni cha mtu aliyeshika simu akimpiga picha. Ni mwanamke, amebeba mtoto mgongoni, na ana kofia pana kama zile tunazovaa shambani.

Wenye watoto wa kubeba katika mwethya yetu nawajua wote. Nimewashikia watoto wao wakichimba. Labda huyo aliombwa tu, vile mgeni yeyote huomba apigwe picha. Labda walishaongea siku nyingi, na mlango wangu ameonyeshwa. Sijui.

Nimemwambia mwenyekiti kila kitu isipokuwa habari ya kivuli, maana nimeshindwa kuitamka. Amekasirika sana. "Hapa huendi popote! Kesho mwethya iko kwa shamba yetu, uwaambie wote. Huyo mwanaume akuje apatane na majembe." Ananipenda yule mama. Lakini nikisimama niseme mpango wangu mbele ya wote, nitakuwa nimemwambia na yule mwenye simu. Nikikimbia tena, nitakimbilia wapi na mtoto ambaye ndiyo kwanza ameanza kucheka? Kwa polisi nilishaenda zamani kule kwetu, wakaniambia mambo ya nyumbani yaishe nyumbani.

Ninyi mnaosoma, nifungashe sasa hivi au nibaki niseme? Msichelewe kunijibu. Asubuhi kina mama watajaa hapa uani na majembe yao, wote watanisalimia kwa furaha, na mmoja wao ameshaonana na mume wangu.