Kijana wa Sinema Alikwenda Mbingu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, someni polepole. Mimi niliishia darasa la nne na mkono wangu unachoka haraka. Mnadhani bibi zenu hawajui mambo ya sinema. Hapa kwangu Mlabani, sinema moja imenichosha kuliko jembe.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, nilimtoa kijijini Kisawasawa nije kuishi naye macho yalipoanza kumpotea. Alikuwa bado anaona kidogo, anasogeza kigoda mpaka pua inakaribia televisheni. Sinema aliyoipenda ni ya kigeni, zile za kutafsiriwa: wenyewe wanasema yao, na juu yao anaongea mtafsiri, mtu wa hapahapa Ifakara, anatia na utani wake. Kijana anamuaga mama yake, anakwenda vitani. Mwishoni mama yuko mlangoni, anauliza mwanangu yuko wapi. Askari anainamisha kichwa. Mtafsiri akasema, "Mama, mwanao keshakwenda Mbingu."

Sote tulicheka, maana Mbingu ni kijiji, kiko njia ya Mlimba. Wifi hakucheka.

"Mbingu si mbali," alisema. "Basi la kutoka Mlimba linapita pale kila siku."

Wifi ana mtoto mmoja tu. Huyo alitoka kwenda kutafuta maisha, mpaka leo hajapiga simu.

Macho yalipozima kabisa, mjukuu wangu wa kike akaigeuza ile sinema kuwa riwaya, ili bibi yake huyo asiikose. Aliandika kama mtafsiri alivyosema, na utani wote. Alasiri anatusomea huku tunachambua mchele, mawe kando, chuya kando. Wifi anachambua kwa vidole. Hadithi ikifika pale mama yuko mlangoni, vidole vinasimama, akishasikia Mbingu vinaendelea.

Halafu mwenye stesheneri akamwambia mjukuu kitabu chake kitolewe kopi, watu wasome. Binti akaingiwa na aibu kwa ule utani wa mtafsiri. Akaitazama sinema upya kwenye simu, bila mtafsiri, akaanza kusahihisha.

Siku hiyo akasoma: "Mama, mwanao amekwenda mbinguni."

Wifi akaweka ungo chini. "Rudia."

Akarudia.

"Jana alikuwa Mbingu."

"Bibi, ule ulikuwa utani wa mtafsiri. Kwenye sinema yenyewe kijana amekufa. Kuna na kaburi."

"Mimi sikuona kaburi."

"Macho yako, bibi..."

"Mwandishi gani wewe," wifi akasema. "Mtu umemkuta mzima, wewe unamuua."

Akapapasa ukuta, akaingia ndani. Jioni hakula. Kesho yake binti alipochukua kitabu, wifi aligeukia ukutani.

Nikamwita mjukuu uani. "Mke mwenzangu, nani amekutuma kusahihisha?"

"Bibi, wewe si ndiye hutaki uongo? Fimbo zako nazikumbuka."

"Na bado ninazo."

Nimezika mume, nimezika watoto. Najua aliyekwenda mbinguni harudi na basi, na wifi sidhani kama hajui. Ila mwanawe hakuna aliyemzika. Mimi nina makaburi ya kupalilia, yeye ana kijana wa kwenye sinema. Nilisimama pale uani miguu inaniuma, nikaona sina nguvu ya kuwa hakimu.

"Cha stesheneri andika unavyojua wewe," nikamwambia. "Cha hapa nyumbani rudisha kilivyokuwa."

"Kwa hiyo viwe vitabu viwili?"

"Hata vitano."

Nikawaita wote, hata mkwe aliyekuwa jikoni, nikawaambia: "Katika nyumba hii kijana yule amekwenda Mbingu. Anayesoma asome hivyo, anayesikiliza asicheke. Na atakayeongeza 'ni' pale mwishoni, gunia lile la mchele atalichambua peke yake mpaka liishe."