Mjomba Alisema Asiambiwe

Mama alifariki Jumatatu asubuhi katika wodi ya wanawake, Kilosa, na kabla hatujatoka nje ya geti la hospitali mjomba alikuwa ameshatoa amri. Mdogo wangu asiambiwe. Alitusimamisha chini ya bati la maegesho ya pikipiki, mvua inanyesha, akatutazama mmoja mmoja, akamalizia kwangu kwa sababu anaujua mdomo wangu.

"Hasa wewe," alisema. "Siku mbili tu. Akishamaliza mashindano yake nitamweleza mwenyewe."

Kwetu milimani mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mjomba akisema, amesema. Wala hakuwa anabuni jambo jipya. Habari ya kifo hatuipeleki kwa simu. Aliye mbali huambiwa mgonjwa hajisikii vizuri, ajitahidi kufika. Akishafika, akakaa, akapewa maji ya kunywa, ndipo mtu mzima anamweleza. Baba alipofariki mimi nilikuwa kazini Mikumi, nikaambiwa kateguka mguu. Nilikuja na dawa ya kuchua.

Mdogo wangu alikuwa Ulaya, kwenye theluji, na Jumatano saa saba mchana kwa saa zetu alitakiwa kushindana kwa jina la Tanzania. Najua inavyosikika. Alikwenda huko kusomea uuguzi, akapata kazi, na kwa kuwa shuleni alikuwa mkimbiaji wa mita mia, kocha mmoja aliyemwona mazoezini alimuuliza kama angependa kusukuma kigari cha barafuni. Kigari hicho ni cha watu wawili. Mmoja anashika usukani. Mwingine anasukuma kwa nguvu zake zote, anarukia nyuma, anainamisha kichwa, na kule mwisho anavuta breki. Mdogo wangu ndiye wa kusukuma na breki. Wa usukani ni binti wa Kitanzania aliyekulia hukohuko. Hao wawili na kocha wao ndio timu nzima ya taifa, na kigari chenyewe waliazima.

Mama alikiita mkokoteni. Alipoonyeshwa video mara ya kwanza aliuliza kwa nini watu wazima wajitupe bondeni wakati wanaweza kushuka taratibu. Jumapili iliyofuata akalitangazia kanisa zima kwamba binti yake ndiye mwenye breki, kana kwamba huyo mwenzake ni abiria tu.

Nilimwambia mjomba kwamba akiambiwa leo ataacha kila kitu, atapanda ndege, atawahi mazishi ya Alhamisi. Akasema ndiyo maana asiambiwe. Akiondoka, mwenzake hawezi kushindana peke yake, na miaka minne ya mazoezi ya watu wawili itakuwa imekwenda bure. Nikasema basi tusogeze mazishi hadi Jumamosi. Akanyoosha mkono nje ya bati, akanionyesha ulivyolowa. Mvua ile ingeendelea siku mbili zaidi, njia ya makaburini ingekatika, na kila mtu wa Kilosa anajua hivyo. Nilitafuta kasoro katika maneno yake nikaikosa, na hilo ndilo lililoniudhi.

Wakanikabidhi simu ya mama. Mdogo wangu alikuwa akiipiga kila siku, na lazima mtu apokee. Nadhani mjomba alifikiri kwamba mwenye mdomo kama wangu anafaa pia kwa kazi ya uongo. Jumatatu nilisema mama amelala. Jumanne nikasingizia mtandao, nikaenda nyuma ya nyumba, nikajisugua mikono kwa majivu kama mtu aliyeshika kitu kichafu. Kisha nikarudi kwenye jamvi kukaa na akina mama wa kanisani, ambao walikuwa wakiniambia jikaze, jikaze, na hakuna aliyejua ninakaza nini.

Jumanne hiyohiyo jioni likatokea jambo ambalo ni sisi tu tunaweza kulifanya. Mtoto wa mama mdogo, mwalimu wa shule ya msingi kule Tindiga, ndiye katibu wa kila msiba kwenye ukoo wetu. Ni mtu makini, anaandika hata nani kaleta jembe. Alifungua grupu la msiba kwenye simu, akapitia namba zote za ukoo, akaziingiza zote bila kuruka hata moja. Nilipofungua simu yangu nikakuta ratiba, nani analeta turubai, na majina ya watakaochimba kaburi. Nikashuka kwenye orodha ya waliomo nikijua ninachokwenda kukiona. Namba ya mdogo wangu ilikuwepo, na picha yake akiwa amevaa kofia ngumu.

Ni yeye katibu peke yake aliyeweza kumtoa. Nilimpigia mara tisa. Alikuwa kwenye pikipiki anarudi Tindiga, na njia hiyo haina mtandao. Nilisimama uani na simu mbili mikononi, ya kwangu na ya marehemu, nikitazama watu wakizidi kuandika pole, pole sana, tutamkumbuka mama yetu, kila mmoja akipigilia msumari. Mjomba alikuja, akasoma, akakaa chini kwenye kinu. Ndiyo mara pekee niliyomwona hana la kuamuru. Baada ya saa nzima katibu alipatikana, akamtoa, akaapa kwamba huko ni muda wa mazoezi na wachezaji huacha simu kwa kocha. Tulimwamini kwa sababu tulikuwa hatuna lingine la kufanya.

Jumatano asubuhi nikatumwa Mikumi kuchukua masufuria makubwa kwenye nyumba ya wageni ninakopika. Niko kiti cha mbele cha pikapu, simu ya mama ikaita.

"Dada, shikamoo. Mama ameamkaje?"

"Marahaba. Ameamka salama."

"Amekula?"

"Amekula uji. Nusu kikombe."

Ule uji niliuongeza mwenyewe, hakuna aliyenituma. Akasema haya dada, akakata. Dereva aliniangalia, akarudisha macho barabarani.

Saa saba nilikuwa kwenye ukumbi wa chakula, nimemwomba bosi abadilishe chaneli. Madereva wa malori waliokuwa wakitazama mpira hawakufurahi. Bendera yetu ilipotokea, mmoja aliweka kijiko chini, akauliza kama hao ni wetu kweli au televisheni imekosea. Mwingine akasema labda walikosea njia panda ya Chalinze. Wakacheka wote. Siku nyingine ningewajibu mpaka wali uwapoe. Siku hiyo nilishikilia tu ukingo wa sufuria.

Walionyeshwa wamesimama kando ya kigari. Yule wa usukani alimshika mdogo wangu kichwa, akagusanisha kofia zao, wakakaa hivyo muda mrefu. Nilidhani wanaomba. Halafu wakasukuma, nikaona miguu ile ninayoijua tangu akiwa mtoto, ikakimbia, ikaingia ndani, ikapotea. Kwenye kona ya tatu kigari kiligonga ukuta. Nikasema "Yesu wangu" kwa sauti, nikiwa bara jingine, kana kwamba ningeweza kukishika. Kikanyooka. Hata dakika haikuisha wakawa wamefika, wa mwisho kasoro mmoja.

Alivuta breki, kigari kikasimama, lakini hakushuka. Alibaki ameinama humohumo mpaka kocha akaja kumwinua kwapani.

"Masikini, analia," alisema yule dereva wa lori aliyetaja Chalinze, safari hii bila mzaha. "Kushindwa kunauma."

Nami niliamini hivyo. Kwa kweli nilishukuru Mungu kwamba analilia mashindano.

Robo saa baadaye simu ya mama ikaita tena. Nilitoka nje barazani, nikiwa nimeshatayarisha maneno: mama amekuona, amefurahi, sasa amepumzika.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Tumekuona wote, na mama..."

"Dada," akanikatiza. "Mnazika saa ngapi?"

Lori lilipita barabara kuu, likanipa muda ambao sikuutaka. Nikamjibu kesho saa nane. Akauliza kama ni karibu na baba, nikasema ndiyo, kushoto kwake. Akahesabu kwa sauti ndege na basi, akaona mwenyewe kwamba hatawahi, akaacha kuhesabu. Nikamuuliza amejua lini.

"Jana jioni. Kabla hawajanitoa nilikuwa nimeshasoma majina ya wachimbaji."

"Sasa leo asubuhi uliniulizia nini kama mama amekula?"

Nilisikia upepo wa huko na watu wakizungumza lugha yao.

"Nilitaka uniambie wewe," alisema.