Picha Niliyoirekebisha Jikoni

Kwetu ni Mlandege, Iringa. Nilikulia chini ya meza ya baba yangu, fundi redio, na kabla sijajua kusonga ugali nilishajua kulehemu. Nikaolewa na fundi mwingine, Mnyakyusa, akanileta Ilomba, Mbeya. Huko nikakuta jambo ambalo hakuna aliyenieleza wakati wa posa: mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Hakai naye chumba kimoja, hapishani naye mlangoni, hasemi naye. Mwanzoni nilicheka tu. Mzee alikuwa Tukuyu, na Tukuyu ni mbali.

Kisha mguu wake ulioumia migodini ukamzidi, akaletwa kwetu. Akawekewa kiti sebuleni. Tangu siku hiyo dunia yangu ikawa jiko, uani, na chumba cha kulala kupitia mlango wa nyuma. Mume wangu akiletewa redio mbovu ananipitishia jikoni. Mimi natengeneza, yeye anasifiwa sebuleni. Jamani, mimi si malaika. Kuna siku nilitamani kuichoma ile nyumba na redio zake.

Miaka ya sabini ikielekea ukingoni, mwalimu mmoja Mzungu akatuletea televisheni. Stesheni ya kutazama hatukuwa nayo, lakini yeye alikuwa na kimashine cha mchezo unaochezwa kwenye kioo chake: vijiti viwili na kitone kinachodundadunda katikati. Picha ilikuwa chenga tupu. Alikuwa anahamia Iringa kufungua karakana ya redio shuleni, akasema atakayeisafisha picha hiyo atamchukua awe fundi wake, na nyumba atapewa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Niliposikia Iringa, bakuli la maharage likaniponyoka.

"Tukipata, tunahama wote," mume wangu akaniambia. "Baba atakaa kwa dada."

Soketi ya umeme ilikuwa moja tu, sebuleni, kwa hiyo televisheni ilibaki huko huko na mzee. Jumapili asubuhi akapelekwa kanisani, nami nikaingia sebuleni mbio. Nikafungua mgongo wa televisheni, nikapima kwa tesa kuhakikisha chasisi yake, lile bati linaloshika vyombo vya ndani, haina umeme wa kumuua mtu, nikalehemu waya ndani, baada ya chombo cha kutafutia stesheni, pale picha inapopita kwenda kwenye kioo. Waya nikaupitisha chini ya mlango hadi jikoni. Sijafunga hata skrubu ya mwisho, nikasikia fimbo ya mzee inagonga mawe ya njiani. Nikakimbia.

Kimashine chenyewe kilitumia betri za tochi, kwa hiyo nilikifanyia kazi jikoni, chuma cha kulehemu nikikipasha moto kwenye mkaa. Ndani mlikuwa na kiboksi cha bati kinachoigeuza picha iwe kama stesheni, na humo ndimo chenga zilimotoka. Nikakiruka. Nikaichukua picha kabla haijafika pale, nikaipitisha kwenye transista moja ya kuitia nguvu, nikaiunga na ule waya. Kilichobaki ni kurekebisha kwa bisibisi, na hapo ndipo mtu hutazama kioo. Kioo changu kilikuwa upande wa pili wa ukuta.

"Vipi?" nikamnong'oneza mume wangu mlangoni, yeye akiwa sebuleni na mzee.

"Nzuri," akajibu mume wangu.

"Nzuri namna gani?"

"Nzuri tu."

Nikazungusha kidogo. "Na sasa?"

"Nzuri, nzuri."

Loo! Nilitaka kumchoma kwa kile chuma. Mzungu anakuja alasiri, maisha yangu yote yako kwenye skrubu moja, na huyu ananiambia nzuri!

Ndipo nikasikia sauti ya mzee. Kulikuwa na kuku mmoja aliyependa kulala karibu na mguu wake mbovu, naye akaanza kuzungumza na kuku.

"Wewe kuku, unaona? Kijiti cha kushoto kina kivuli. Na kitone kinaburuta mkia."

Nikazungusha polepole.

"Mkia unapungua, kuku. Unapungua. Ah, umezidisha, kijiti kimefifia."

Nikarudi nyuma kidogo.

"Hapo. Hapo hapo, usiguse tena. Kimekatika kama kwa wembe."

Nikaegemea ukuta nikalia. Miaka miwili katika nyumba ile, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniongelesha kama fundi.

Mzungu alikuja, akatazama, akapiga makofi. Akauliza nani kaifanya.

"Mimi," mume wangu akasema.

Mzee akakohoa. "Fundi yuko jikoni."

"Basi aje," Mzungu akasema.

"Hawezi," mume wangu akadakia. "Baba yupo hapa. Ni mila."

"Aa, mila," Mzungu akasema kwa heshima kubwa, na hapo maneno yakaisha. Mlango wa uani ulikuwa wazi nyuma yangu. Ningeweza kuzunguka nyumba, nikasimama barabarani na kusema, ni mimi. Sikwenda. Hadi leo najilaumu.

Mume wangu akaondoka na Mzungu, televisheni na mchezo wake. Wiki mbili tu, alisema, atanifuata. Dada yake akasema hana nafasi ya mgonjwa, na mzee hawezi kuachwa peke yake. Miezi mitano nikampikia mtu nisiyemtazama, huku mume wangu analala Iringa, kwetu.

Kisha barua ikaja. Haikuniuliza hali. Kimashine kilikuwa kimeanguka, Mzungu ameanza kununa, kitone kinaburuta mkia tena, afanye nini? Nikakaa chini nikaandika kurasa tatu, na mchoro. Nikazisoma, nikazitia kwenye mkaa. Nikaandika upya mstari mmoja: Siwezi kurekebisha picha nisiyoiona, njoo unichukue.

Bahasha nikaiweka wazi kwenye kizingiti cha mlango wa sebule, nikarudi nyuma, nikasikia fimbo ya mzee ikiivuta na karatasi ikifunguliwa.

"Kuku," mzee akasema, "nyumba ya binti yangu hainishindi, nitakaa huko. Nipishe njia, nakwenda posta."

Nikamsikia akijiinua, mara ya kwanza akashindwa, mara ya pili akasimama. Fimbo ikagonga mawe ya njiani, polepole, mpaka sikuisikia tena.