Sungura Namba Sita

Mhudumu wa maabara ya kiwanda chetu cha sabuni, hapa Kiboriloni, huwanyoa sungura mgongoni taratibu kama anayemnyoa mtoto mchanga. Huwapaka sabuni mpya, kisha kila saa hukagua kama ngozi imewasha, akimpa pole kila mmoja. Jumanne meneja alisoma daftari lake kwa sauti: "Sungura namba sita: wekundu, anajikuna, amekula kiburu." Akamtazama. "Mama, sungura anakula ndizi na maharage?"

Mama akapandisha mkono wa sweta. Ngozi ilikuwa nyekundu toka kiwiko hadi kiganja.

"Yule ana mimba, baba. Nikaona nimshikie zamu."

Meneja akafunga daftari. "Bado inawasha?"

"Sana," akajibu, akijikuna. "Hii msimuuzie mtu."